Ukuta wa Upande wa Bondeni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemwogopa mtu kabla sijamwona. Mwalimu mkuu, Bwana Nzomo, aliniita mlangoni mwa ofisi yake akaniambia kuna mgeni wa utafiti atakayekaa darasani kwangu mpaka shule zifungwe. "Anaandika juu ya masomo ya watoto wadogo," akasema. "Chunga mdomo, Kavata."

Mimi ni mwalimu wa chekechea, watoto wa miaka minne na mitano, katika shule ya msingi ya huku juu ya Kola. Mkataba wangu unaisha Desemba. Kila mgeni mwenye kalamu huwa naona amekuja kunifuta.

Mgeni mwenyewe anaitwa Fosia Korane, mzaliwa wa Machakos mjini, binti wa yule Korane anayeuza mbuzi. Anaandika jinsi nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zinavyowashughulikia watoto kabla ya darasa la kwanza. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu, akiandika. Nami nikafundisha herufi moja asubuhi nzima kama mtu anayesomewa mashtaka.

Nimenunua daftari hili njiani nikirudi. Kama yeye ananiandika, nami nitamwandika.

Jumatano, 6 Machi

Mueni, mamake Mumo, alipomleta mtoto alimwona Fosia akawaambia wenzake kwa Kikamba kwamba huyu ametumwa kufunga chekechea. Fosia akamjibu kwa Kikamba safi kabisa, kwamba hajatumwa kufunga chochote, na je, uji unaonukia hivyo ni wa wimbi? Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka sana.

Baada ya watoto kwenda aliniuliza, "Mwalimu, darasa hili ni la nani?"

"La watoto."

"La nani kwa sheria?"

Nikafikiri. Kiwanja ni cha shule ya msingi. Jengo lilijengwa na wazazi zamani, kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa udongo. Mimi ni wa kaunti, kwa sababu katiba iliipa kaunti chekechea. Bwana Nzomo na walimu wengine ni wa serikali kuu, kwa sababu shule ya msingi ilibaki huko.

"Kwa hivyo Nzomo si mkubwa wako?"

"Ni mkubwa wa uwanja ninaokanyaga."

Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba Tanzania darasa la awali ni sehemu ya shule ya msingi, mwaka mmoja, mwalimu mkuu mmoja. Uganda nako, kwa miaka mingi serikali iliwaachia watu binafsi na makanisa; anayetaka anafungua, asiye na uwezo wa kulipa anamweka mtoto nyumbani mpaka darasa la kwanza. Nilimwuliza kupi ni bora. Akasema hajui bado, ndiyo maana amekuja. Sikumwamini. Watu wa utafiti huja na jibu mfukoni.

Jumanne, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Mume wangu Wesley ameshapanda mahindi na ndengu, na jioni alikuwa akipiga mluzi akizunguka shamba kama mtu aliyeoa tena.

Mimi nimeona ufa. Uko kwenye ukuta wa upande wa bondeni, unaanzia kona ya dirisha unashuka hadi sakafuni. Maji ya uwanja wote hupita chini ya ukuta huo yakielekea mtoni. Labda ulikuwako tangu zamani. Sidhani.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeenda kwa Bwana Nzomo.

"Mwalimu mkuu, ule ukuta umepasuka."

"Ukuta gani?"

"Wa darasa langu."

"Basi si ni wako," akasema, na hakuwa akitania.

Nilimwomba darasa la nane la zamani. Liko tupu tangu watoto wakubwa walipohamishiwa ile shule kubwa ya sokoni. Lina kuta za mawe na sakafu ya saruji. Nikamwambia ni mpaka mvua iishe tu.

Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Kavata, nisikize vizuri. Hicho chumba ni cha wizara. Nimekiombea kibali cha kurudisha watoto wakubwa hapa. Wakikuja kukagua wapate vikombe vya uji, nitasema nini? Na mtoto wako akivunjika mkono ndani ya chumba yangu, nani ataulizwa? Si wewe. Ni mimi. Ambia watu wako."

Watu wangu wa kaunti nimewapigia. Afisa alinisikiliza kwa adabu, akasema atamleta fundi wa majengo barabara ikipitika. Daraja la chini limefunikwa na maji. Kwa hivyo nangoja maji ambayo ndiyo ninayoyaogopa yapungue, ili mtu aje aone kama yana hatari.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua.

Jumapili, 17 Machi

Kanisa lilijaa watu wenye matope miguuni na furaha usoni. Mchungaji aliomba mvua isikatike hadi mahindi yabebe. Wote wakaitikia amina, Wesley kwa sauti kuliko wote. Misimu miwili tumevuna mabua matupu. Najua mvua hii ni ada ya mwanetu Muthoka shuleni, ni chakula chetu, ni kila kitu.

Nilifungua mdomo, amina haikutoka. Ndani yangu niliomba ikatike. Kisha nikatazama huku na huku kama mtu aliyeiba.

Jumatano, 20 Machi

Nimemkasirikia Fosia. Yuko kwenye saumu, midomo imemkauka, lakini haachi kuja. Nilimpeleka ukutani, nikaingiza kidole kwenye ufa mbele yake.

"Andika hii."

"Nimeandika."

"Basi mwambie mtu! Wewe unajuana na wakubwa."

"Mwalimu, mimi naruhusiwa kuangalia tu. Tulikubaliana hivyo na ofisi zote. Nikianza kubadilisha mambo shule moja, utafiti mzima unaharibika."

"Na ukuta ukibadilisha mtoto?"

Alikaa tena kwenye kile kiti kidogo, na sikumwona akiandika mpaka kengele.

Jumanne, 26 Machi

Mwandiko wa leo ni mbaya.

Baada ya saa ya uji ngurumo ilipiga karibu sana, mabati yakalia, na kipande cha plasta kikubwa kama sinia kikaachana na ukuta. Kilimwangukia Mumo begani, kingine kikampasua juu ya sikio. Damu ya kichwa ni nyingi hata kama jeraha ni dogo. Watoto walipiga mayowe. Kanini, yule msichana mkimya anayelelewa na nyanya yake, susu wake kwa lugha yetu, aliingia chini ya meza yangu akajikunja kama konokono. Huko ndiko hukimbilia kila ngurumo ikipiga. Ilinichukua muda kumtoa.

Fosia ndiye aliyembeba Mumo. Alivua ushungi wake wa juu akamfunga kichwa, wakashuka naye kwa zahanati kwenye mvua. Ameshonwa. Yuko salama.

Mueni alikuja mchana. Sikujua mtu anaweza kunena kwa sauti ya chini hivyo na ikauma hivyo.

"Nilikupea mtoto mzima, mwalimu."

Nilisema nimeomba chumba, nimepiga simu. Hakuwa akinisikia. Alitaka mtu mmoja wa kulaumu, na mtu aliyekuwa mbele yake ni mimi.

Bwana Nzomo alisimama mlangoni pake na mwavuli, akatazama, hakuvuka uwanja.

Jumatano, 27 Machi

Watoto wachache tu. Wazazi wamewaweka nyumbani. Wakiendelea kupungua darasa litafungwa, nami nitaenda nyumbani. Wakirudi wote, watakaa chini ya ule ukuta. Sijui niombe lipi.

Nimesogeza viti vyote upande wa pili, tumebanana kama ndengu kwenye ganda. Asubuhi ilipokuwa kavu nilifundisha nje. Ilipoanza kunyesha tukaingia.

Alhamisi, 28 Machi

Fosia amekuja na ushungi mwingine. Bila mimi kuuliza aliniambia jambo. Tanzania, katika shule moja aliyokaa, darasa la awali lilikuwa na ukuta mzuri sawa na wa madarasa mengine, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa na fungu moja la kutengeneza vyote. Lakini watoto walikuwa wengi hata wengine wakikaa sakafuni, na mwalimu wao alikuwa mzee aliyekuwa akifundisha darasa la sita, akapewa wadogo kwa sababu ya maradhi ya miguu. "Hakuna mahali nimeenda nikapata wamemaliza," akasema. "Kila mahali wanaovumilia ni hawa wadogo."

Halafu akasema, akitazama nje, "Jana nilienda kwa Nzomo. Nilimwomba kile chumba. Nilivunja sheria yangu mwenyewe."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza kama nitamwandikia barua ya kumkinga akifukuzwa. Siwezi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi sana. Kumbe hata yeye anaogopa.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumefunga shule. Nimewakabidhi watoto kwa mama zao mmoja mmoja, na kila aliyetoka langoni nilihisi jiwe limetoka kifuani. Fosia anaenda Uganda baada ya Idd.

Jumatano, 10 Aprili

Amenitumia picha za sherehe ya kwao mjini, na Mzee Korane katikati, mikono juu ya vichwa vya wajukuu. Nikamjibu Idd njema.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua haijui kupumzika. Mahindi yanapita kiuno. Habari za Mavoko na Athi River ni za nyumba zilizojaa maji na watu juu ya mapaa. Leo mchungaji ameomba ipungue kidogo, na safari hii amina yangu ilikuwa ya kwanza.

Nimepita shuleni. Ngazi ya mlangoni imetengana na jengo.

Jumatano, 24 Aprili

Fosia amenitumia sauti kutoka kijiji kimoja karibu na Tororo. Nimeisikiliza mara nyingi. Kuna mwanamke anayefundisha watoto wadogo sebuleni kwake. Hana kibali, hana vitabu, wazazi humlipa maharagwe. Paa lilipoanza kuvuja alihamisha watoto siku hiyohiyo kwa shangazi yake. "Sasa sikiliza," Fosia anasema, mvua ikisikika nyuma yake pia. "Nilipomwuliza aliomba ruhusa wapi, hakuelewa swali. Lakini jirani yake ana pacha ambao hawajawahi kuona darasa, kwa sababu hawana hata maharagwe. Sasa niandike nini, Kavata? Kwamba nani amefaulu?"

Nimefikiri nikipalilia. Kule Uganda hakuna mwenyewe wa darasa, kwa hivyo mwanamke mmoja akaamua. Tanzania mwenyewe ni mmoja, na anajulikana. Sisi tunao wawili, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Jumatatu, 29 Aprili

Redio imesema shule hazifunguliwi, mafuriko. Nilikaa kwenye kitanda nikalia kwa nafuu. Wesley akaniuliza nani amekufa.

Alhamisi, 9 Mei

Tunafungua Jumatatu. Nimeshindwa kula. Wesley ameniambia, kwa upole, "Mama Muthoka, mvua imeisha. Angalia jua. Unaogopa nini sasa?"

Watu wote wamerudi kuwa kawaida. Ni mimi tu niliyebaki Machi.

Jumatatu, 13 Mei

Mkono wangu sasa unaingia kwenye ufa mpaka kifundo. Ukichungulia unaona bonde, na migomba ya kina Mueni, kama unachungulia pazia.

Sikuwaingiza watoto. Nilitandika magunia nje, tukaimba. Bwana Nzomo alikuja akatembea nyuma ya jengo, akarudi.

"Nimewaambia wizarani kuna dharura," akasema. "Nangoja wanijibu."

"Na usipojibiwa?"

"Mwalimu, nimebakisha miaka miwili nistaafu. Nilishaona mwenzangu akifutwa kwa kutumia chumba vibaya. Chumba! Si pesa, si msichana. Chumba." Sauti yake ilipasuka. "Alikufa akiuza viatu kuukuu."

Sikuwahi kumsikia akisema jambo lake. Nilimchukia bado, ila si kwa urahisi kama zamani.

Jumanne, 14 Mei

Nje tena. Jua kali. Mumo amerudi, kovu linang'aa. Mueni mwenyewe alimleta, akakaa na sisi kwenye magunia mpaka mwisho. Alipoondoka akasema, "Nilikosea kukusemesha vile." Kisha, "Hata sasa bado nimekasirika." Nikamwambia ni sawa.

Jumatano, 15 Mei

Nje. Mwalimu mkuu amesema Jumatatu ijayo atafungua darasa la nane, majibu yakija au yasipokuja. Aliyasema haraka, akitembea, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Jumatatu. Siku chache tu.

Ijumaa, 17 Mei

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kuandika.

Asubuhi ilikuja mvua isiyotarajiwa, ya upepo, baridi kama ya Julai. Magunia yalilowa kabla hatujakaa. Watoto walitetemeka, wengine hawana sweta. Nilingoja ikatike. Haikukatika. Walimu wa shule ya msingi walikuwa madarasani mwao, na Bwana Nzomo alikuwa hajafika. Nikasema moyoni, tunywe uji tu, upande wa mbali, kisha tutoke. Nikafungua mlango.

Tulikuwa tukinywa niliposikia sauti. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anayemimina mchanga polepole ndani ya ukuta. Nilitazama dirisha. Fremu yake ilikuwa imeinama, na kioo kikaingia ufa mwembamba mbele ya macho yangu.

Sijui nilipata wapi sauti. Nilisema, "Watoto, leo tunacheza gari-moshi! Acheni vikombe, shika mwenzako, tunaenda Mombasa." Mumo akashika sketi yangu, mwingine akamshika Mumo, tukatoka tukilia chuku-chuku kwenye mvua. Nilitaka kukimbia. Gari-moshi likikimbia linakatika. Nilitembea. Mgongo wangu wote ulikuwa umegeuka sikio. Tulivuka uwanja mpaka ukumbi wa ofisi, nikawageuza wanikabili, nikawahesabu.

Ngurumo ilikuwa imepiga tukitoka. Nilikuwa nimeisikia, sikuitilia maanani.

"Kanini yuko wapi?"

Watoto walitazamana. "Hakushika," akasema mmoja.

Nilirudi mbio. Nilifika mlangoni. Niliweza kuiona meza yangu, na chini yake miguu yake midogo yenye kandambili za bluu. Nilimwita. Alijikunja zaidi. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo, vumbi linashuka toka juu, laini, kama unga unaochekechwa.

Na miguu yangu ilikataa.

Nataka kuandika hili sawasawa. Sikuamua kutoingia. Niliiambia miguu iende, na haikwenda. Nilishika mlango kwa mikono miwili nikaita, "Kanini, kuja, mama, kuja." Miezi miwili niliota siku hiyo. Katika ndoto zote mimi niliingia.

Nyuma yangu nikasikia, "Kwa nini watoto wako kwa ofisi?" Ni Bwana Nzomo, ndiyo kwanza anafika, suruali imekunjwa kwa ajili ya matope, mwavuli mkononi. Alinitazama, akatazama ndani. Alinipita. Aliangusha mwavuli akanipita, mzee yule, akavuka darasa kwa hatua ndefu, akapiga magoti mbele ya meza. Nilimsikia akisema kwa Kikamba, kwa sauti ambayo hata wanawe labda hawajaisikia, "Njoo kwa babu, njoo."

Alikuwa ameingiza kichwa na mikono chini ya meza ukuta ulipokuja.

Sikuona tena kitu ila wekundu wa vumbi. Mabati yalipiga kelele kama mnyama. Halafu mvua tu, na mtoto analia.

Hapo miguu iliniachia. Niliingia, nikachimba kwa kucha. Mueni alitokea bondeni, walimu wakatoka madarasani, hata mlinzi Jeff. Meza ilikuwa imeshika. Ni ya mbao ngumu, nzito, mimi huilaani kila ninapofagia. Chini yake alikuwa Kanini, mwekundu wa vumbi kichwa mpaka mguu, mzima, na mikono ya Bwana Nzomo imemzunguka. Kuanzia kiuno kwenda chini, yeye alikuwa nje ya meza, chini ya matofali.

Alikuwa macho. Alisema neno moja tu: "Mtoto?"

"Mzima, mwalimu."

Akafumba macho.

Tulimpeleka mjini nyuma ya pikapu, juu ya godoro la Mueni. Daraja lilipitika. Daraja lilikuwa linapitika tangu wiki iliyopita, na fundi wa kaunti hakuwa amekuja.

Jumatatu, 20 Mei

Miguu yote miwili imevunjika, na nyonga. Wamemfanyia upasuaji. Ataishi.

Magari mawili yamekuja leo, moja la kaunti, moja la wizara. Watu wenye viatu safi walisimama kando ya rundo la matofali wakaulizana, kwa heshima kubwa, ni nani anayepaswa kuliondoa. Mwalimu wa darasa la sita aliyeachiwa funguo alifungua darasa la nane bila kumwuliza yeyote. Tukaingia.

Kanini hakuingia. Alikaa nje kando ya mlango, mgongo ukutani, kisha akakumbuka ukuta, akasogea katikati ya uwanja.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeenda hospitali na Fosia, amerudi. Bwana Nzomo amepungua, ndevu nyeupe zimetoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikasema tu, "Sikuweza kuingia."

"Mimi sikuangalia ukuta," akasema. "Ningeangalia, nisingeingia. Niliangalia kandambili." Halafu akanikazia macho. "Lakini ungekuwa na kile chumba tangu Machi, hakuna mtu angeingia popote. Hiyo nalala nayo hapa, Kavata. Usinipunguzie."

Sikumpunguzia. Nilimmenyea chungwa.

Jumatano, 5 Juni

Fosia amesoma ripoti yake kwenye ukumbi mjini, mbele ya watu wa elimu wa kila aina. Alizungumza vizuri. Alieleza chekechea ya Tanzania iliyo ndani ya shule ya msingi, ya Uganda iliyo mikononi mwa anayejitolea, na yetu iliyokatwa katikati. Bwana mmoja akasema tukirudisha watoto wadogo kwa serikali kuu tutawasahau kama zamani, kaunti ndiyo iliyowaajiri walimu kama mimi. Ni kweli. Mwingine akasema sheria itungwe ya kumpa mwalimu mkuu mmoja mamlaka ya uwanja mzima. Hiyo pia ni kweli. Walibishana kwa lugha nzuri.

Nilipoombwa niseme, nilisimama. Nilisema, "Mimi sijui nchi gani iko sawa. Naomba tu mkiandika hiyo sheria, muandike mtu anayeweza kuhamisha watoto siku hiyohiyo, na asiogope kufanya hivyo." Nikakaa. Walipiga makofi, kisha tukaletewa chai. Sijui kama kuna aliyeandika.

Ijumaa, 7 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Wesley anavuna ndengu haraka zisioze. Mahindi yamebeba, karibu kila mmoja hapa amepata.

Kanini alikaa nje tena, chini ya mwavuli aliopewa na susu wake. Kila siku wiki hizi nimemwita kwa wimbo, kwa uji, kwa ahadi ya chaki ya rangi. Leo niliwaachia wenzake udongo wa kufinyanga, nikatoka nikachuchumaa kando yake. Mvua ililowesha mgongo wangu.

Alinitazama. "Mwalimu, na we unaogopa?"

Nilifikiria jibu ambalo walimu hutoa.

"Ee," nikasema. "Naogopa kila asubuhi. Nikifungua mlango nasikiliza kwanza."

"Unasikiliza nini?"

"Kama kuna mchanga unaanguka."

Akafikiri. "Leo ulisikia?"

"Leo, hapana."

Aliinuka, akafunga mwavuli kwa shida, akaingia hadi kizingitini. Akasimama pale, kichwa upande, akisikiliza kwa makini. Wenzake waliacha kufinyanga wakanyamaza, bila kuambiwa, ili asikie. Kisha akavuta kiti kimoja mpaka mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akakaa.

Nami nikaisukuma meza yangu, ileile nzito, peke yangu, mpaka ikafika kando yake, tukaendelea na somo.